Kunde za Mayi Katika Kabati Langu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nishushe sauti. Nilikuwa kijana aliyetoka kidato cha nne, nimevaa suruali ya baba iliyokazwa kwa mshipi, na nilikuwa nimebisha mlango wa stoo ya kampuni ya mbegu mjini Kitale kwa nguvu zangu zote ili nionekane mtu wa bidii. Mlango ukafunguliwa nusu. Msimamizi wa Stoo, mzee mfupi mwenye koti la kijivu la kazi, akanitazama viatu kabla ya kunitazama uso.

“Pole pole, kijana. Humu watu wamelala.”

Nilichungulia ndani nikidhani kuna walinzi waliokesha. Sikuona mtu. Niliona magunia yaliyopangwa hadi karibu na paa, na miale ya jua ikipenya kwenye matundu ya hewa, na vumbi likielea ndani ya miale hiyo kana kwamba halina haja ya kutua popote. Hewa ilikuwa ya baridi, yenye harufu ya mbao na mahindi makavu.

“Watu gani, mzee?”

“Si hawa?” Akaonyesha magunia kwa kidevu. “Mbegu ni kama mtu amelala. Anapumua hivyo hivyo, taratibu. Mpe maji na joto, ataamka. Sasa akiamka humu ndani, hakuna udongo, si atakufa? Kazi yako ni kuona hakuna mtu anaamka. Umeshika?”

“Nimeshika.”

“Haya. Rudi nje upanguze matope.”

Sitahesabu miaka niliyoifanya kazi hiyo. Niliingia nikiwa na nywele nyeusi na nikatoka nikiwa sina hata nyeupe. Lakini hadi leo, nikiketi barazani kwangu huku Saboti saa za alasiri, mawingu yakiteremka kutoka Mlima Elgon na kuufunika msitu, huwa naisikia stoo ile ikipumua. Magunia yote, safu baada ya safu, yanavuta hewa pamoja na kuishusha pamoja. Mke wangu hunikuta nimefumba macho na kuniuliza kama nimelala.

Nyinyi mnaotaka kuweka mbegu zenu wenyewe, hebu niwaambie tulivyofundishwa. Chini ya Msimamizi huyo nilijifunza mambo ambayo watu huyaona madogo. Gunia la mbegu haliwekwi sakafuni. Huwekwa juu ya chaga, yaani fremu ya mbao inayoliinua ili unyevu wa saruji usilipande. Wala haliegemezwi ukutani. Huachwa nafasi ya mtu kupita, na mtu huyo ni wewe, na unapita kila asubuhi ukinusa. Pua ya mtu wa stoo hutangulia jicho lake. Mzigo ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza.

Na kabla ya kufunga mbegu yoyote, tulifanya kipimo cha chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, unatia mbegu kidogo na chumvi kavu kidogo, unaifunga, unaitikisa, unaiacha itulie muda wa kunywa kikombe cha chai. Chumvi ikishika kwenye kioo, mbegu bado zina maji, zirudishwe juani. Ikianguka chini yote, zimekauka. Kampuni ilikuwa na mashine ya kupima unyevu, lakini Msimamizi hakuiamini siku za mawingu.

“Mashine inaongea Kizungu,” alikuwa akisema. “Chumvi inaongea na mimi. Na usisahau hili: mbegu mbichi ukiifunga mahali hewa haipiti, umeifungia na jasho lake. Heri ungeiacha kwa panya.”

Baadaye nilipelekwa maabara, chini ya Mkuu wa Maabara, kijana kunishinda aliyesoma sana na kuongea kidogo. Kule nilijifunza jaribio la uotaji. Unahesabu mbegu kumi bila kuchagua, unazipanga juu ya kitambaa chenye maji, unazikunja humo na kuziweka mahali pa joto. Baada ya siku chache unafunua na kuhesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa tisa, kunywa chai yako kwa amani. Zikiwa tano, panda mara mbili. Zikiwa mbili, mwambie mkulima ukweli. Nilipenda sana asubuhi za kufunua vitambaa. Mizizi ilikuwa myeupe na myembamba, yote imeinama upande mmoja kama watu wanaosikiliza kitu kwa mbali.

Kisha nikahamishiwa depo ya Bungoma, na huko ndiko nilikofanya kosa la kwanza kati ya yale ninayotaka kuyasema.

Depo ile iliuza pakiti ndogo za mbegu za bustani: sukuma, dhania, karoti, vitunguu. Siku hizo tulipakia wenyewe. Mbegu zilikuja katika mikebe mikubwa, tukazipima, tukazitia ndani ya pakiti za foili na kubandika lebo kwa gundi. Mvua moja ya mchana ikapita kwenye bati lililotoboka na kulowesha katoni mbili. Mbegu hazikupata maji kwa sababu ya foili, lakini gundi iliachia na lebo zikaelea chini ya katoni kama majani ya chai. Katoni moja ilikuwa ya vitunguu vyekundu, nyingine ya vitunguu vya majani, na tulipoziokoa majini pakiti zilichanganyika. Nilifungua chache. Mbegu zote mbili ni nyeusi, ndogo, zenye pembe. Hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa macho. Nilikaa nazo kidogo, kisha nikazigawa kwa kukisia na kubandika lebo upya, vizuri, zimenyooka.

Miezi minne ikapita. Siku moja ya soko akaingia msichana mwenye kitambaa cha manjano kichwani, amekumbatia mzigo wa majani mabichi. Aliutupa juu ya meza yangu, udongo ukaruka hadi kwenye daftari.

“Nani anauza mbegu hapa?”

“Ni mimi, dada.”

“Ni wewe. Haya, hii ni nini?”

“Ni… kitunguu cha majani.”

“Aha! Kumbe unajua.” Akatoa pakiti tupu mfukoni na kuniwekea mbele ya pua. “Sasa hapa mliandika nini? Soma, si umesoma wewe? Miezi yote hiyo nachimba nikiangalia chini, ati labda ni vivivu. Majirani wanapita wananiambia, Nafula, si utupatie kitunguu moja tu ya kukaanga? Nawapa nyasi!”

Foleni yote ikaangua kicheko. Meneja wa Depo, mama mrefu asiyependa kelele, akatoka ofisini kwake. Aliyatazama majani, akaitazama pakiti, kisha akanitazama mimi.

“Lebo hii ulibandika wewe?”

“Ni mimi, Madam.”

“Ulijua ama ulidhani?”

“Nilidhani.”

“Basi ungeandika ‘sijui’. Watu wangenunua kwa bei ya sijui.” Hakupaza sauti. “Lebo ni kiapo, kijana. Mtu analima shamba lake juu ya neno lako. Jumamosi utaenda kwa huyu dada, utamchimbia kitalu kipya, na mbegu utaifunika wewe mwenyewe kwa mkono.”

Ndivyo nilivyofika Bumula, nikiwa na jembe begani na aibu usoni. Mama yake Nafula, ambaye wote nyumbani walimwita Mayi, alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni akipukuchua kunde.

“Ndiye huyu wa vitunguu?”

“Ndiye, Mayi,” Nafula akajibu.

“Mpe upande wenye mawe.”

Nilichimba upande wenye mawe. Mchana nikaitwa ndani, nikapewa ugali na majani ya kunde. Nilikuwa nimekula kunde maisha yangu yote, lakini hizi zilikuwa kitu kingine. Zilikuwa laini kama zimepikwa na mvua, bila hata munyu, yale maji ya majivu ambayo watu wa huko hutia kwenye mboga ngumu. Nilipoinua macho niliona vibuyu vitatu vinaning'inia juu ya moto, vyeusi kwa moshi, midomo yake imezibwa kwa magunzi ya mahindi. Mayi alisimama, akashusha kimoja, akakitikisa karibu na sikio lake, akasikiliza kama anayesikiliza habari ya mtu wa mbali.

“Bado,” akasema, akakirudisha. “Hizi bado hazijalia.”

Alinieleza baadaye. Kunde yenye maji hugonga kibuyu kwa sauti ya vidole juu ya mkeka. Ikikauka, hulia kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Mpaka ilie hivyo, kibuyu hakizibwi kwa nguvu, na hakitoki juu ya moshi. Nilimsikiliza kwa heshima, huku nikicheka moyoni. Mimi nilikuwa mtu wa maabara.

“Sasa mama, vibuyu hivi havina lebo. Utajuaje kipi ni cha msimu gani?”

“Lebo ni mimi,” akasema.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, ingawa kitalu kilikuwa kimekwisha. Nafula akaniuliza nimesahau nini. Nikasema jembe.

“Jembe si ulienda nalo?”

“Ndiyo. Nimelirudisha.”

“Na si lako?”

Tulioana mwaka uliofuata. Wazazi wangu, watu waliotoka Mkoa wa Kati na kuhamia Saboti wakitafuta shamba, walilalamika kidogo kuhusu umbali kisha wakampenda kuniliko. Mtoto wetu wa kwanza alipewa jina la mama yangu, Wanjiru, kwa kifupi Shiru, na tangu hapo Nafula akaitwa Mama Shiru, nami Baba Shiru.

Nilirudishwa Kitale, nikapanda hadi kuwa Karani Mkuu wa Stoo. Katika miaka hiyo Mayi alifariki. Dada yake Nafula aliyebaki Bumula alikuwa amepanda miwa hadi mlangoni, hakuwa na nafasi ya kunde. Kwa hiyo Nafula alirudi nyumbani kwetu Saboti kutoka matangani akiwa amekumbatia kibuyu kimoja. Kila msimu alipanda, akavuna, akaweka mbegu, na wanawake wa Saboti wakazoea kuja kwake kuomba gao moja, yaani kiganja kilichojaa, la kupandia. Walikuwa wakila zao zote bila wasiwasi, kwa sababu walijua za Nafula zipo.

Kisha nikastaafu.

Mwanamume aliyeamrisha stoo nzima akirudi nyumbani, hutafuta cha kuamrisha. Mimi nilipata mbegu za bustani. Nilizikuta kila mahali: dhania ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, sukuma ndani ya gazeti, managu ndani ya soksi, pakiti za dukani zilizokunjwa na kutiwa chini ya godoro. Nikamwita fundi anitengenezee kabati la mbao, nikaliweka chumba cha upande wa kivuli, mbali na jiko. Nikanunua bahasha za kaki.

Na kazi hiyo niliifanya vizuri, nawaambia bila kujisifu, maana mambo ya kujisifu yanakwisha hapa. Kila aina ilipata bahasha yake. Juu niliandika jina, mahali ilipotoka, msimu ilipovunwa, na siku nilipoijaribu kwa kitambaa. Bahasha nilizipanga kwa mwezi wa kupanda, si kwa herufi, kwa sababu mkulima hujiuliza “napanda nini sasa?” na hajiulizi ni herufi gani. Pakiti iliyofunguliwa niliikunja mdomo mara mbili na kuibana kwa kibanio cha nguo. Bahasha zote zikaingia ndani ya mikebe ya biskuti, na chini ya kila mkebe nikaweka mkaa mkavu uliofungwa kwa kitambaa ili unyonye unyevu. Mbegu kuukuu zilikaa mbele ili zitangulie. Nilikuwa nikifungua kabati lile asubuhi na kusimama tu mbele yake. Kimya chake kilikuwa kimya cha Kitale. Wageni waliletwa walione. Padri aliliona. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alileta darasa zima.

Ila kunde. Kunde za Nafula zilibaki jikoni, ndani ya vibuyu, juu ya moshi.

“Mama Shiru, hii ni jikoni ama ni stoo?”

“Ni zote mbili.”

“Mbegu haipendi joto.”

“Hizi zimezoea.”

“Watu wakija kuona kabati wanauliza, na hizo je? Nawaambia nini?”

“Waambie bado hazijalia.”

Huo ulikuwa msimu wa mvua zisizokata. Alikuwa amevuna juzi tu, na za msimu uliotangulia zilikuwa zimekwisha zote kwa kupandwa na kugawiwa. Kila kunde ya Mayi iliyobaki duniani, kadiri tulivyojua, ilikuwa katika vibuyu vile vitatu. Kisha habari ikaja kwamba dada yake ni mgonjwa, akaenda Bumula kumuuguza kwa wiki tatu. Alipokuwa akitoka langoni alisema, “Vibuyu uviache. Moto uuwashe kila siku, hata kama hupiki.”

Nilitaka kumfurahisha. Nasema hivyo si kwa kujitetea, ni kwa sababu ndiyo kweli, na kweli hiyo hainisaidii. Nilinunua chupa sita kubwa za kioo zenye vifuniko vya kukaza. Nilivishusha vibuyu, nikamwaga kunde, nikazipepeta, zikawa nzuri, rangi ya chai isiyo na maziwa, kila moja na jicho lake jeusi. Nikazitia chupani na kukaza vifuniko hadi vidole vikaniuma. Nikaandika lebo. Nikazipanga safu ya juu kabisa ya kabati, mahali jua la asubuhi linapozigusa kwa dakika chache, na nikakaa mbele yake nikitazama. Zilipendeza kama kitu ambacho mtu amekiona usingizini na kukikuta mezani alipoamka.

Sikufanya kipimo cha chumvi. Chumvi ilikuwa jikoni, hatua kumi kutoka nilipoketi.

Nafula aliporudi alizitazama chupa kwa muda. “Zililia?” akauliza. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, apumzike, ametoka mbali. Alikuwa amechoka, na alikuwa amenisikia nikisifiwa na padri. Akaniamini.

Mvua za kupanda zilipokaribia, alifungua chupa ya kwanza. Nilikuwa barazani, na harufu ikanifikia huko nje. Ilikuwa harufu ya mkate uliosahaulika. Akafungua ya pili, ya tatu, zote sita. Alizimwaga kwenye ungo, na kati ya kunde kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando.

Hakupiga kelele. Hakutaka hata kitambaa changu cha mbegu kumi. Alitandika magunia yenye maji barazani, akazipanga kunde zote, moja moja, mistari mirefu, kama mtu anayepanga watoto kulala. Siku nane alizinyunyizia maji na kuzikagua. Zilivimba, zikawa laini, zikawa uji. Asubuhi ya tisa alizikunja ndani ya magunia yake na kuzimwaga kwenye shimo la mbolea. Kisha akaja akaketi karibu nami.

“Baba Shiru, ulizitikisa?”

“Sikuzitikisa.”

“Na chumvi yako, ile unafundisha watoto wa shule?”

“Sikufanya.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu hapa ni nyumbani,” nikasema.

Aliinuka akaenda kuteka maji. Nilibaki na maneno hayo. Miaka yote ile nilipita kati ya magunia nikinusa, nikadhani napenda mbegu. Kumbe nilikuwa naogopa koti la kijivu la Msimamizi na jicho la Madam. Pasipo mtu wa kunikagua, sikuwa mtu wa mbegu. Nilikuwa mwenye kabati.

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda Bumula kwa shemeji yangu, nikakuta miwa. Nilizunguka kwa wanawake wote wa Saboti, na kila mmoja alinijibu kwa mshangao kwamba zao walikula, si za Mama Shiru zipo? Hatimaye shemeji akakumbuka rafiki wa Mayi aliyeolewa Lwakhakha, mpakani, ambaye aliwahi kupewa kibuyu kidogo. Nilikwenda bila kumwambia Nafula.

Nilimkuta sokoni, Kukhu Nanjala, bibi aliyebaki na meno machache na macho makali, amezungukwa na wanawake wenzake wa nafaka. Nilimwamkia na kumweleza ninachotaka.

“Nafula si anazo? Mama yake alimwachia.”

“Alikuwa nazo, Kukhu.”

“Zikaenda wapi?”

Nikamwambia. Wanawake wakaacha kupepeta ili wasikie vizuri.

“Ngoja,” mmoja akasema. “Wewe ulifanya kazi ya mbegu?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa mshahara?”

Walicheka hadi mmoja akajishika kiuno. Nanjala hakucheka. Aliingia nyuma ya magunia yake akatoka na magao mawili ya kunde, akazimimina ndani ya bahasha yangu ya kaki.

“Lakini sikiza, mwanangu, nisikudanganye. Hizi zimeishi hapa mpakani miaka mingi. Nimepanda pamoja na za ng'ambo, nimevuna pamoja. Zimechanganyika. Mwambie Nafula hivyo.”

“Nitamwambia.”

Nilizitazama njiani. Zilikuwa rangi ya chai, kila moja na jicho jeusi. Nyingine labda zilikuwa kubwa kidogo, au labda ni macho yangu. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba pande zote mbili, na kila kitu kilionekana kinawezekana. Nilipofika nyumbani nilitoa kalamu mfukoni na kuandika juu ya bahasha: Kunde za Mayi.

Nafula alipoisoma alikaa chini palepale kwenye udongo. Alizimimina kiganjani, akazinusa. Wiki zilizofuata nyumba yetu ilibadilika. Alikuwa akiamka mapema kwenda shambani, na mara kadhaa nilimsikia akiongea peke yake kati ya mistari, kwa Kibukusu, sauti ya chini. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba labda sikusema uongo, labda zile ni zile.

Majani ya kwanza aliyapika mchana, akanipakulia mimi kwanza. Kisha akatia tonge lake mdomoni, akatafuna, akasimamisha taya.

“Si zile.”

Nikaliweka tonge langu chini.

“Na wewe ulijua.”

“Nilijua.”

“Nanjala alikuambia?”

“Alisema zimechanganyika. Alisema nikuambie.”

Alisukuma sahani kando, polepole, isitoe sauti. “Kuua nilikusamehe,” akasema. “Mtu anaweza kuua bila kujua. Lakini wiki hizi zote, Baba Shiru, nimekuwa nikiongea na mama yangu huko shambani. Nilikuwa namwambia, Mayi, umerudi.”

Nimeandika kumbukumbu hizi kwa ajili ya vijana wanaoniuliza jinsi ya kuweka mbegu nyumbani, na nimewaeleza kuhusu chaga, chumvi, mkaa na bahasha. Hayo yote ni kweli, yafuateni. Lakini mtu akiniuliza kazi ilinifundisha nini, nitamwambia kwamba nilijifunza kila kitu isipokuwa kile kilichohitajika nyumbani kwangu. Sasa nina muda mwingi wa kukitazama kitu hicho. Hukaa mbele yangu alasiri nzima, mlima ukiingia na kutoka mawinguni, na hakiendi.

Nafula hakuzing'oa kunde zile. Alisema hazina kosa. Alizivuna, akazianika, akaziweka juu ya moshi, akazitikisa mwenyewe hadi siku aliyoridhika. Siku hiyo aliniita jikoni, akanipa bahasha na kalamu.

“Andika.”

“Niandike nini?”

“Unachojua.”

Nikaandika: Kunde. Zimetoka Lwakhakha kwa Nanjala. Zimechanganyika. Za Mayi zilikufa mkononi mwangu. Nikaweka jina langu.

Aliisoma, akaifunga kwenye shingo ya kibuyu kwa uzi. Na siku hizi wanawake wa Saboti wameanza tena kuja. Nafula huwapimia gao lao, kisha huniita nilipo, hata kama nimefumba macho. Naandika maneno yote juu ya bahasha, mpaka la mwisho, siachi hata moja. Halafu nampa mwenye kuomba asome mbele yangu kabla hajaondoka.